Sheria ya forodha ziwani: maneno anayopaswa kuyajua msafirishaji wa Rumonge

Rumonge, bandari iliyo yapata kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, hupokea vyombo kutoka pande zote za Ziwa Tanganyika. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na mwaka 2009 ikaingia katika Umoja wa Forodha. Kwa hiyo mizigo inayopita hapo iko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, ambayo nchini Burundi husimamiwa na Mamlaka ya Mapato (OBR). Baadhi ya maneno ya sheria hiyo yana maana pana kuliko yale yanayosemwa bandarini.

Nahodha: Ni pamoja na mtu yeyote anayeongoza chombo kwa wakati husika. Anayeshika usukani kwa muda tu naye ni nahodha.

Mmiliki: Si mwenye mashua peke yake. Wakala wake, anayepokea malipo ya usafirishaji na aliyekabidhiwa chombo nao huhesabiwa.

Kuingiza bidhaa: Ni kuzileta kutoka nchi isiyo mwanachama. Saruji ya Zambia kutoka Mpulungu imo katika kundi hili, ingawa Zambia na Burundi zote zimo COMESA, na hati ya uasili inaweza kuiondolea ushuru.

Uhamisho: Ni kupeleka bidhaa kutoka nchi mwanachama moja hadi nyingine, mfano Kigoma hadi Rumonge. Kongo nayo ilihesabiwa nchi ya kigeni hadi ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2022.

Kutaifishwa: Hapa ndipo mwenye mashua anapoweza kupoteza kila kitu. Chombo cha chini ya tani 250 za usajili kikitumika kubeba magendo, chenyewe kinaweza kutaifishwa. Kikifikia tani 250 au zaidi, nahodha hushitakiwa, na chombo kinaweza kuzuiwa hadi faini ilipwe au dhamana iwekwe.

Tani ya usajili hupima nafasi ndani ya chombo, si uzito wa shehena. Tani 1 ni mita za ujazo 2.83. Mashua za mbao za Rumonge ziko chini kabisa ya kiwango hicho. Ndiyo maana ni muhimu kukagua hati za kila mzigo, hata wa abiria, kabla ya kung'oa nanga.