Kimondo cha Mbozi na Udongo Wake

Katika nchi ya Wanyiha, mtelemkoni mwa kilima cha Marengi, wilaya ya Mbozi, kimelala kimondo ambacho uzito wake wakadiriwa kuwa tani 16 na urefu wake wapata mita 3. Sehemu tisa katika kumi ni chuma, na iliyobaki karibu yote ni nikeli. Wenyeji walikijua tangu zamani. Lakini hapana masimulizi yaelezayo siku kilipoanguka, wala shimo ambalo mshindo wake ungalichimba halionekani. Kwa sababu hizo wataalamu wamekata shauri kwamba kilianguka kale sana, na kwamba mvua na udongo viliifuta alama yake.

Lastaajabisha jambo moja. Wanyiha walikuwa mafundi hodari wa kuyeyusha chuma katika matanuri ya udongo, wakichimba mawe na kukata miti mingi ya makaa, na hali chuma kitupu kilikuwa papo hapo mlimani. Bila shaka ugumu wake ndio uliokilinda, kabla ya sheria yoyote.

Mwaka wa 1930 kilionwa na W. H. Nott, mpima ardhi kutoka Johannesburg. Wakati huo sehemu kubwa ilikuwa imefukiwa. Mwezi wa Desemba D. R. Grantham, mtaalamu wa jiolojia wa Serikali, alikata kipande kwa uchunguzi. Tena udongo ulichimbwa pande zote, ikaachwa nguzo ya udongo chini yake, nayo ikajengewa saruji. Nia ilikuwa njema, maana pasipo kazi hiyo mgeni asingaliona ila mgongo wake. Hata hivyo hasara hii yaipita ile ya msumeno. Chuma kingali tele. Bali tabaka za udongo zilizokikumbatia, ambazo pengine zingalisaidia kukadiria kilianguka lini na kilizama namna gani, zilitupwa kama kifusi.

Mwaka wa 1967 kiliwekwa chini ya ulinzi wa sheria ya mambo ya kale, na katika miaka ya karibuni kimekabidhiwa Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Mbozi, ambayo tangu 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, ni nchi ya kahawa na mahindi, na barabara kuu iendayo Tunduma yavuta watu na mashamba mapya. Ikiwa vimo vipande vingine vilivyomeguka wakati wa kuanguka, vimo katika ardhi ilimwayo, nje ya ua, na atakayevigusa kwanza ni mkulima.