Tarehe ya Queen, Kuanzia Unguja

Waingereza wanapoihadithia bendi ya Queen huanza mwaka 1970, London. Wakati huo wanafunzi wawili, Brian May mpiga gitaa na Roger Taylor mpiga ngoma, walikuwa wameachwa na mwimbaji wao Tim Staffell katika bendi iliyoitwa Smile. Nafasi yake ikachukuliwa na kijana aliyekuwa akiwafuata kila wanakopiga na kuwaeleza wazi wapi wanakosea. Si uongo, lakini wamekata kichwa cha habari. Kijana yule, Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa hospitali ya serikali, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Sisi tunaosoma Kiswahili huku Maskati, kuanzia mjini hadi vijiji vya wavuvi kama Qantab, tuna haki ya kuianza tarehe hii pale ilipoanza.

Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa keshia wa Mahkama Kuu ya Zanzibar, akiitumikia serikali ya Waingereza. Wao ni Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroaster, na asili yao ni Bulsar katika Gujarat. Waparsi wa Unguja walikuwa wachache, wasomi, watu wa ofisini. Mji Mkongwe wa siku zile ulikuwa na Mabaniani, Mabohora, Wagoa, Wangazija, Waarabu wa Oman na Waswahili wenyewe, kila watu na ada zao, na barazani wakikutana wote. Mtoto aliyelelewa katika vichochoro vile alisikia adhana, kengele za kanisa na tarabu ya Ikhwani Safaa, klabu iliyokuwapo tangu 1905, bila ya kulazimika kutoka nje ya mtaa wake.

Mwaka 1955 Farrokh alipelekwa skuli ya bweni ya St Peter's, Panchgani, bara Hindi. Njia ya Unguja na Bombay haikuwa ngeni kwa watu wa muziki. Siti binti Saad aliipita 1928 kwenda kutia sauti yake kwenye santuri. Huko Panchgani Farrokh alijifunza piano, akaanza kuitwa Freddie, na mwaka 1958 yeye na wenzake wakaunda bendi ya skuli, The Hectics. Hakuwa mwimbaji wao mkuu. Alikaa kwenye piano.

Mwaka 1963 akarudi Unguja, akasoma St Joseph's Convent. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Hapa ndipo habari ya bendi ya Kiingereza inapoungana na habari za nyumba nyingi za Maskati, na ndiyo sababu siwezi kuipita mbio. Sultan wa Zanzibar, Jamshid bin Abdullah, alipanda meli yake ya kifalme, akafika Uingereza. Familia ya keshia wa Mahkama nayo ikafunga masanduku machache, na mwaka huohuo ikawa Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Wengine walivuka kwenda Mombasa na Dar es Salaam, wengine wakapita Kairo, Kuwait, Dubai. Oman ya Sultan Said bin Taimur haikuwa mlango uliokuwa wazi kwa kila aliyebisha.

Mlango ulifunguka tarehe 23 Julai 1970, aliposhika utawala Sultan Qaboos. Nchi nzima ilikuwa na barabara ya lami ya kama kilomita 10 na skuli 3. Qantab, iliyobanwa na majabali kwa nyuma na bahari kwa mbele, ilikuwa nyumba za wavuvi na mashua zao. Wito wa kurudi nyumbani ulipotoka, waliokuwa Unguja wakaja na Kiingereza chao, ualimu wao, uuguzi na ukarani wao, na Kiswahili chao ambacho mpaka leo utakisikia Maskati masokoni na maofisini. Mwaka huohuo, London, mwana wa keshia alikuwa akitafuta jina la bendi. Watu wa mji mmoja, waliotawanywa na asubuhi moja, wakaanza upya kila mmoja kwa alichonacho.

Alichokuwa nacho Freddie ni mkono wa kuchora na sauti. Alisoma Chuo cha Sanaa cha Ealing, akahitimu 1969 katika uchoraji wa matangazo. Yeye na Taylor walifungua kibanda cha nguo kuukuu katika soko la Kensington. Nembo ya Queen aliichora mwenyewe kwa nyota za wanne wao: simba wawili, kaa mmoja, na mabinti wawili wa nyota ya Mashuke, ambayo ndiyo yake. John Deacon, mpiga besi, aliingia 1971, na wanne hao hawakubadilika tena kwa miaka 20.

Vijana hawa walikuwa mafundi, na jambo hili halitajwi inavyostahiki. Gitaa la May alilitengeneza yeye na baba yake nyumbani kuanzia 1963. Mti wa shingo yake ulitolewa kwenye fremu ya meko kuukuu, na springi zake zilitoka kwenye injini ya pikipiki. Hulipiga kwa sarafu ya peni sita ya Kiingereza badala ya kipande cha plastiki. Deacon aliunda kikuza sauti kutokana na kibao cha umeme alichokiokota jalalani, nacho kikasikika kwenye rekodi zao miaka yote.

Zama zenyewe zilikuwa za mtindo wa glamu, ambapo David Bowie na Marc Bolan walikwisha kuwazoesha Waingereza kuona wanaume wamepaka wanja, wamevaa hariri na viatu vya kisigino kirefu. Queen waliingia humo na albamu yao ya kwanza mwaka 1973. Freddie alipaka kucha rangi nyeusi, na mshonaji Zandra Rhodes akawashonea mavazi meupe yenye mikunjo kama mbawa. Magazeti yaliwacheka. Jibu likawa wimbo wa "Killer Queen", 1974, uliofika nambari 2 Uingereza.

Halafu mwaka 1975 ukaja "Bohemian Rhapsody". Wimbo wa karibu dakika 6, usio na kiitikio, wenye kipande cha opera katikati. Kipande hicho Mercury, May na Taylor walikiimba kwa saa 10 hata 12 kwa siku, wiki hadi wiki, sauti juu ya sauti. Siku zile kila sauti mpya ilimaanisha kuupitisha tena mkanda kwenye mashine, na mkanda ule ulipita mara nyingi mpaka unga wake ukalika. Walipouinua kwenye taa, mwanga ukapenya. Wakubwa wa kampuni walisema redio hazitaupiga wimbo mrefu namna hii. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio aliupiga mara 14 katika siku mbili. Ukakaa nambari 1 kwa wiki 9.

Baada ya hapo mambo yakawaendea vizuri. Kila mmoja wa wanne alitunga wimbo ulioshika dunia: "We Will Rock You" ni wa May, "We Are the Champions" wa Mercury, "Another One Bites the Dust" wa Deacon, "Radio Ga Ga" wa Taylor. Katika mahojiano Freddie hakupenda kuizungumzia Unguja. Lakini albamu ya Jazz, 1978, inafunguka kwa wimbo wake uitwao "Mustapha", na mwito wake wa kwanza hauwezi kumpita aliyekulia karibu na mnara wa msikiti.

Doa lao kubwa ni Oktoba 1984. Walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini ya makaburu, ilhali Umoja wa Mataifa ulishawataka wasanii wasiende. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Miaka hiyo Tanzania, nchi ambayo kisiwa alichozaliwa Freddie ni sehemu yake, ilikuwa ikiwapa hifadhi na skuli wakimbizi wa ANC pale Mazimbu, Morogoro. Queen walisema wao si watu wa siasa. Ule haukuwa udhuru.

Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid la kuwachangia wenye njaa Ethiopia, walipewa kama dakika 20 mbele ya watu 72,000 pale Wembley. Waliokuwapo na waliotazama kwa televisheni wengi wanakubaliana kwamba siku ile ilikuwa yao. Mara ya mwisho kwa wanne wao kupanda jukwaani ilikuwa Knebworth, tarehe 9 Agosti 1986. Freddie aliendelea kurekodi akiwa mgonjwa. Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana ukimwi, na kesho yake akafariki, umri miaka 45. Maziko yake yalisomewa na makasisi wa Kizoroaster, kwa dini ya wazee wake.

Deacon alistaafu 1997. May na Taylor wameendelea na waimbaji wengine, Paul Rodgers kisha Adam Lambert. Unguja yenyewe imekuwa na mashaka na Freddie. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa ya kumbukumbu ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilifutwa baada ya jumuiya ya Kiislamu ya UAMSHO kupinga kwa sababu ya mwenendo wa maisha yake. Mwaka 2019 makumbusho ya jina lake yakafunguliwa Shangani. Sultan Jamshid naye aliruhusiwa kuja kukaa Oman mwaka 2020, akafia Maskati tarehe 30 Desemba 2024.

Katika maisha ya Freddie, miaka iliyoandikwa kidogo kuliko yote ni ya Unguja. Waliosoma huko mwaka 1963 leo wanakaribia miaka 80 au wameipita, na baadhi yao wako huku Oman. Nawaomba watoto na wajukuu wao: wakalisheni wazee, muwarekodi, muwaulize habari za skuli ile, mtaa ule na asubuhi ile ya Januari, na muandike majina na tarehe kama watakavyozitaja wenyewe.