Shauri la Nani? Huduma ya Lazima na Moyo wa Kujitolea kwa Vijana wa Eastlands

Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikibomoa kijiji cha Pangani, mojawapo ya makazi ya kale ya Waafrika mjini Nairobi, na wengi wa wakazi wake wakahamishiwa nyumba mpya zilizojengwa karibu na Pumwani. Uamuzi wa kuhama haukuwa wao. Mtaa waliopelekwa ukaitwa Shauri Moyo, jina linalomaanisha kwamba jambo limeachiwa moyo wa mtu mwenyewe, alipime na kuliamua pasipo kusukumwa. Karibu miaka tisini baadaye, vijana wa mtaa huo wa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, pamoja na wenzao wa Kenya nzima, wanaletewa somo linalolitia jina hilo kwenye mizani: huduma kwa jamii, tena kwa lazima.

Kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Katika Sekondari Pevu, Mafunzo ya Huduma kwa Jamii yamewekwa safu moja na Kiingereza, Kiswahili (au Lugha ya Ishara ya Kenya) na Hisabati. Mwanafunzi hawezi kuyakwepa, awe amechagua sayansi, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Anatakiwa atambue tatizo katika jamii yake, atafute suluhu, apange kazi, aitekeleze, aandike ripoti, kisha atafakari alichojifunza. Waliobuni mtaala walitaka elimu itoke darasani ishuke mtaani, na nia hiyo ni njema. Swali gumu linahusu kinachobaki moyoni mwa kijana wa miaka 15 au 16 anapoambiwa kwamba wema wake utatiwa alama.

Jibu jepesi ni kwamba lazima huua hiari. Wanaolitoa husema anayefagia mtaro kwa sababu mwalimu amesimama nyuma yake na daftari hajitolei, anafanya zoezi. Makala haya yanashikilia jambo tofauti. Kulazimishwa peke yake hakuui nia. Nia hufa kijana anaponyimwa shauri, yaani nafasi ya kuamua ni tatizo lipi, linashughulikiwa vipi na pamoja na nani. Hufa pia kazi yenyewe inapokuwa ya maonyesho, isiyomsaidia yeyote isipokuwa fomu inayosubiri mhuri.

Nia ya kujitolea haijawahi kuwa kitu kimoja. Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani, wakiongozwa na Gil Clary na Mark Snyder, waligawanya sababu za watu kujitolea katika mafungu sita: maadili anayoyaamini mtu, hamu ya kujifunza, uhusiano na wenzake, manufaa ya kazi, kuikinga nafsi dhidi ya majuto au upweke, na kuiinua nafsi. Mafungu hayo yanaeleweka vizuri Eastlands. Kijana anayejiunga na kikundi cha kupanda miti kando ya Mto Nairobi huenda anampenda Mungu, anatafuta barua ya kuombea kazi, amemfuata rafiki, na amechoka kukaa kibarazani. Yote manne kwa pamoja. Kumtaka awe na nia moja safi ndipo ahesabiwe kuwa amejitolea ni kumdai utakatifu ambao watu wazima hawaufikii.

Mwaka uliofuata, Snyder na Clary, safari hii wakiwa na Arthur Stukas, waliligeukia suala la lazima. Waliwachunguza wanafunzi wa chuo kikuu waliotakiwa kutumikia jamii ili wahitimu. Waliohisi kwamba wanadhibitiwa ndio ambao nia yao ya kuendelea kujitolea baadaye ilidhoofika, hasa wale ambao pasipo sharti hilo wasingejitolea. Kwa hiyo sharti lilielekea kumwumiza zaidi yuleyule lililokusudiwa kumvuta. Lakini neno la kushika hapo ni kuhisi. Sharti ni moja kwa wote, ilhali wapo wanaolipokea kama kamba shingoni na wapo wanaolipokea kama mlango uliofunguliwa. Jimbo la Ontario nchini Kanada limewataka wanafunzi wa sekondari wafanye saa 40 za huduma tangu 1999, na Maryland nchini Marekani inadai saa 75. Saa ni rahisi kuhesabu. Hisia ya kudhibitiwa haipimwi kwa saa.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake ya lazima, tena yenye makovu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wakoloni waliwaamuru wakulima wa Murang'a, iliyoitwa Fort Hall wakati huo, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Waliiita kazi hiyo ya pamoja, mithili ya ngwatio ya Wakikuyu, desturi ya majirani kusaidiana shambani. Mwaka 1947 watu waligoma, na mwaka 1948 wanawake wakawa mstari wa mbele kukataa. Matuta yalikuwa na faida kwa ardhi, na wakulima wenyewe waliujua mmomonyoko kuliko ofisa yeyote. Walichokataa ni amri ya chifu kuvikwa jina la ujirani.

Tanzania nayo ilipoamua kuwapeleka wahitimu wa elimu ya juu katika Jeshi la Kujenga Taifa, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu tarehe 22 Oktoba 1966. Mwalimu Nyerere aliwafukuza chuoni karibu 400. Siku hiyohiyo aliukata pia mshahara wake mwenyewe, na tendo hilo linastahili kukumbukwa kila lazima ya kutumikia inapojadiliwa. Alitambua kwamba huwezi kumdai kijana mwenye kidogo huku mkubwa mwenye kingi hadaiwi kitu. Kenya ilifuata njia yake mwaka 1984, ilipoanza kuwapitisha wanaoingia chuo kikuu katika makambi ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, na mpango huo haukudumu miaka mingi.

Kuna kikwazo kingine, na hiki kimo ndani ya lugha. Tangu sheria ya mwaka 1998, mahakama za Kenya zinaweza kumwamuru mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa dogo kutumikia jamii badala ya kufungwa jela. Mitaani watu wamewaona wafungwa wa nje wakifyeka nyasi kwenye uwanja wa chifu au wakifagia kituo cha afya. Adhabu hiyo inaitwa huduma kwa jamii, na somo la Gredi ya 10 linaitwa huduma kwa jamii. Kijana akikabidhiwa fyekeo na kupangwa mstari mmoja na wenzake kando ya barabara, wapita njia watajiuliza amekosa nini. Mwalimu anayepuuza aibu hiyo hajui mtaa anamofundishia.

Halafu kuna pesa. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ilianzisha Kazi Mtaani, na vijana wakalipwa kusafisha mitaro na vichochoro. Katika awamu ya pili malipo yalikuwa shilingi 455 kwa siku. Baadaye ukaja mpango wa Climate WorX, ambao pia unawalipa vijana wasafishe Mto Nairobi. Mto huo hauko mbali na Shauri Moyo, hapo Gikomba na Kamukunji. Kwa kijana wa hapo, kuzoa takataka ni ajira, pengine ndiyo iliyoleta unga nyumbani kaka yake alipokosa kibarua. Shule inapomtaka afanye kazi ileile bure na kuiita uzalendo, haimfundishi kujitolea. Inamfundisha kwamba kazi ya ndugu yake haina thamani. Hilo halimaanishi vijana wa Eastlands wasiguse mto wao. Linamaanisha kwamba mradi wa shule unafaa utafute kazi ambayo hakuna anayelipwa kuifanya.

Umbali mfupi kutoka Shauri Moyo uko mfano ambao wasomi wa somo hili hawana budi kuurejelea. Mathare Youth Sports Association ilianza mwaka 1987, Bob Munro, raia wa Kanada, alipokubali kuwasaidia watoto wa Mathare waliokuwa wakicheza mpira wa makaratasi na kamba. Sharti lilikuwa moja: ukitaka ligi, utausafisha mtaa wako. Timu iliyokamilisha usafi ilipewa pointi sita katika msimamo wa ligi, ilhali ushindi uwanjani ulileta pointi tatu tu. Kwa hiyo timu iliyolegea kwenye mitaro ingeweza kukosa kombe hata kama ilikuwa na mshambuliaji hatari kuliko wote. Mwaka 1992 chama hicho kilipewa tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Mathare United, klabu iliyozaliwa humo, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008.

Kwa vigezo vya nia safi, mpango huo umekosea kila kitu: una sharti, una malipo ya pointi, una ushindani. Na bado vijana waliukumbatia. Sababu ni kwamba pointi zilikuwa za timu, mchezo walikuwa wameuchagua wao, na mtaro uliozibuliwa ni uleule uliokuwa ukifurika milangoni kwao. Pia vijana wenyewe walikalia kamati za ligi. Lazima ilikuwepo, ila ilikuwa lazima waliyoiona kuwa yao, kama mchezaji anavyokubali kwamba mpira ukitoka nje hurushwa, bila kumwona refa kuwa mdhalimu.

Upande wa pili wa Pumwani iko Starehe, shule iliyoanzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, kwa ajili ya wavulana waliokosa makao wakati wa Hali ya Hatari. Griffin alikuwa amefanya kazi Wamumu, kambi ya vijana waliozuiliwa kwa kuhusishwa na Mau Mau, na mwaka 1964 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Mtu mmoja alipita kizuizini, shuleni na kwenye makambi ya ujenzi wa taifa. Starehe ilikuza pia mpango wa huduma ya hiari, wanafunzi wakitumia sehemu ya likizo kufanya kazi bila malipo katika taasisi za umma. Ukiitazama safari hiyo, mpaka kati ya nidhamu ya kulazimishwa na moyo wa kutumikia unakuwa mwembamba kuliko vitabu vinavyosema. Kinachoupa mpaka huo maana ni anayetumikiwa, na kama kijana anamwona uso kwa uso.

Wapo watakaouliza: kwa nini basi huduma isiachwe iwe hiari kabisa, kama ilivyo Tuzo ya Rais, inayowapokea vijana wa miaka 14 hadi 24 nchini tangu 1966? Kwa sababu hiari ina ubaguzi wake. Anayejitokeza kwa urahisi ni yule ambaye shule yake ina mwalimu mlezi, nauli ya safari na Jumamosi tupu. Wengi wa vijana wa mitaa ya Eastlands hawana Jumamosi tupu. Msichana anayebeba mitungi ya maji, anayemwogesha mdogo wake na kumsaidia mama kwenye kibanda cha sukumawiki anahudumia watu kabla jua halijachomoza, na hakuna fomu inayomwuliza. Somo la lazima angalau linamfikia yeye pia. Likimfikia bila kuuhesabu mzigo alio nao, limemwongezea wa pili. Kama kumtunza mzee jirani kwa mpango, au kumfundisha mtoto wa ploti kusoma, hakuwezi kuandikwa katika ripoti, basi ripoti ndiyo yenye kasoro.

Kila kitu kinarudi kwenye ile hatua ya kwanza, kutambua tatizo. Ndiyo hatua ambayo ni rahisi zaidi mwalimu aliyelemewa na wanafunzi wengi kuifanya kwa niaba yao. Darasa la Gredi ya 10 likitoka Shauri Moyo na kuteremka kuelekea Gikomba, litapita mafundi wa jua kali wa Kamukunji wakigonga mabati tangu asubuhi, litaruka mitaro, litakanyaga mitumba chakavu iliyotupwa njiani, litaona vibanda vilivyojengwa upya baada ya moto. Ikiwa ubaoni kumeshaandikwa "usafi wa mto" kabla halijatoka, kilichobaki ni kupiga picha. Ubao ukiwa mtupu, kuna msichana atakayetaja choo cha sokoni ambacho mama yake hawezi kukitumia. Kuna mvulana atakayesema kwamba baba yake, baada ya miaka ya nyundo, hasikii vizuri anapoitwa, na kwamba hajamwona fundi hata mmoja aliyeziba masikio. Wenzake watabisha, maana mto unanuka na nyundo hazinuki. Watalazimika kupiga kura, na mwalimu atalazimika kusubiri.