T-26: Kifaru chepesi cha Usovieti na jamaa zake waliopigana Afrika Mashariki

WAJERUMANI walipoishambulia ngome ya Jasini mnamo Januari 1915, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Vanga, Kwale, hapakuwa na kifaru hata kimoja duniani kilichowahi kuingia vitani. Pande zote mbili zilitegemea bunduki na rashasha. Waingereza ndio waliokuja kukitumia kifaru kwa mara ya kwanza, huko Somme, Ufaransa, mnamo Septemba 1916.

Baada ya vita hivyo mataifa mengi yalitaka vifaru vidogo vya bei nafuu, na kampuni ya Vickers ya Uingereza haikubagua wateja. Mwaka 1930 Usovieti ulinunua vifaru 15 vya kampuni hiyo vya tani sita, na mwaka uliofuata ukaanza kuunda vya kwake mjini Leningrad kwa jina la T-26.

Vya awali vilikuwa na minara miwili ya rashasha. Mwaka 1933 ukaja mnara mmoja wenye mzinga wa milimita 45, silaha kali mno kwa kifaru chepesi cha zama hizo. Kilibeba watu watatu na kwenda takriban kilomita 30 kwa saa. Kwa kuhesabu aina zake zote, viliundwa zaidi ya 11,000.

Udhaifu wake ulikuwa deraya. Chuma chake kwa kawaida hakikuzidi milimita 15, na injini ilitumia petroli. Mnamo Oktoba 29, 1936, karibu na Seseña, Uhispania, vifaru hivyo vilipenya safu za adui, lakini askari wa miguu waliopaswa kuvifuata wakabaki nyuma. Adui akavirushia chupa za petroli. Wafini walifanya vivyo hivyo mwaka 1939. Mwaka 1941 Wajerumani waliviteketeza kwa maelfu, ingawa vichache viliishi hadi vita vya Manchuria mnamo Agosti 1945.

Waitalia nao walinunua Uingereza michoro ya kifaru kidogo zaidi, wakapata CV-33 cha watu wawili, wakakipeleka Ethiopia. Rashasha zake zilielekea mbele tu. Katika njia ya mlimani ya Dembeguina, Desemba 1935, wapiganaji wa Ras Imru waliligundua hilo upesi: walivizunguka kwa nyuma, na baadhi wakaviteka. Ujasiri huo unastahili kutajwa zaidi ya unavyotajwa.

Kwa Kenya, zamu ilifika Desemba 16, 1940. Wanajeshi wa Afrika Kusini, walioletwa kwa meli hadi Mombasa, waliushambulia mji wa mpakani wa El Wak wakiwa pamoja na wenzao wa Gold Coast, Ghana ya leo. Vifaru vyao vyepesi, navyo vya Vickers, vilivunja seng'enge za Waitalia na kuwafungulia njia askari wa miguu, ambao safari hii walikuwa karibu. Ngome ilianguka, na washambulizi wakarejea Kenya.