'Shall': Neno la deni lililofika mahakamani

Shuleni tulikaririshwa kanuni moja ya Kiingereza: 'I' na 'we' huchukua 'shall', nafsi nyingine huchukua 'will'. Ukizigeuza, umetoa ahadi, amri au hata kitisho. Ilikotoka kanuni hiyo hatukuambiwa.

Kumbe ina baba. Mnamo 1653, John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, aliieleza katika kitabu chake cha sarufi ya Kiingereza, tena alichokiandika kwa Kilatini.

Karne nyingi kabla yake, vitenzi hivi visaidizi vilikuwa vikijitegemea. Katika Kiingereza cha kale, 'willan' ni kutaka, nacho 'sculan' ni kuwiwa, yaani kuwa na deni. Hadi leo Mjerumani huita deni 'Schuld'. Tusishangae. Kiambishi chetu cha wakati ujao, -ta-, nacho kilitokana na kitenzi 'taka'. Sema 'atakayekuja' nawe utamwona mzee huyo akichungulia.

Sasa mbona ninafukua ya kale? Kwa sababu neno hilo la deni limejaa tele katika Katiba yetu ya 2010. Kifungu cha 81 kinalitumia kuagiza kuwa wanachama wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika taasisi za kuchaguliwa. Je, ni sasa hivi au polepole? Desemba 2012, wengi wa majaji wa Mahakama ya Juu walishauri kwamba 'shall' huwa amri ya papo hapo pale tu ambapo wajibu wenyewe umekamilika na uko tayari kutekelezwa. Bunge likapewa hadi Agosti 27, 2015 kutunga sheria. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana na wenzake.

Siku ikafika, ikapita. Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kutotunga sheria hiyo. Halikuvunjwa.

Basi mfasiri wa Katiba afanyeje? Akiandika 'hawatazidi', msomaji atadhani ni utabiri tu. Akiandika 'sharti wasizidi', ni amri. Mimi nachagua 'sharti', maana ndiyo iliyo karibu na asili ya neno. Aliyesema 'shall' alikuwa akikiri kwamba anadaiwa. Nao wahenga walishatuambia: dawa ya deni ni kulipa.