"Si" Mbele ya Sheria: Kesi ya Mombasa, 2010–2016

Mkabala na Fort Jesus, penye mlango wa Mji wa Kale, lingalipo jengo la mahakama ya zamani lililojengwa mwaka 1902. Ngome yenyewe ilikuwa gereza tangu 1895 hata 1958, hivyo mshitakiwa wa siku zile hakuwa na mwendo mrefu baina ya hukumu na kifungo. Kesi tunayoizungumzia haikusikizwa humo, lakini mzizi wake ni mwaka ule ule wa 1895, Sultani wa Unguja alipowakabidhi Waingereza usimamizi wa ukanda wake wa maili kumi.

Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte waliandikiana barua, na ukanda huo ukawa sehemu ya Kenya huru. Mombasa Republican Council ilishikilia kwamba maafikiano hayo hayakuwafunga wenyeji, ikaeneza maneno matatu: Pwani si Kenya. Oktoba 2010 serikali ikaitangaza, pamoja na makundi mengine kadha, kuwa kundi la wahalifu.

Hapa mwanaisimu hana budi kusita. "Si" haina njeo. Yamkini msemaji anadai kwamba Pwani haikuwa Kenya, au haistahili kuwa, au anataka isiwe. Serikali ilisikia maana ya mwisho, tena ikasikia silaha ndani yake. Maskwota wa Kwale na Kilifi, nadhani, walisikia zaidi habari ya ardhi wasiyo na hati yake.

Randu Nzai Ruwa na wenzake wawili waliipinga marufuku hiyo katika Mahakama Kuu ya Mombasa, wakitegemea Katiba mpya ya 2010 na uhuru wa kujumuika. Tarehe 25 Julai 2012 majaji watatu waliamua kwamba marufuku ilikiuka Katiba. Hawakuibariki hoja ya kujitenga, na jambo hilo husahauliwa mno na washabiki wa pande zote mbili. Kilichoamuliwa ni kama chama chaweza kufutwa hivyo.

Ushindi haukuleta utulivu. Oktoba iyo hiyo ya 2012 kiongozi wao, Omar Mwamnuadzi, alikamatwa huko Kombani, na msako ule ulileta vifo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliithibitisha hukumu ya kwanza.

Hukumu zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kitenzi chake cha "kuwa" hakiwezi kukwepa njeo.