Dawa ya Tumbaku katika Nchi ya Kingwana

Kiswahili kilichotia mizizi Kasongo katika miaka ya 1870, zama za Tippu Tip, kilisambazwa na Wangwana hadi Ituri. Ni katika eneo la lugha hiyo, Beni na Butembo, ambako dawa za Ebola zililinganishwa kuanzia Novemba 2018. Mojawapo, ZMapp, ilikuwa mchanganyiko wa protini tatu za kingamwili zilizotengenezwa ndani ya majani ya mmea wa jamii ya tumbaku.

Mtu wa Kasongo angeweza kuielewa kuwa ni dawa ya miti, na hapo angekosea. Mmea huo haukuwa na nguvu hiyo kwa asili yake. Uliingiziwa jeni ngeni, ukawa chungu cha kupikia tu. Neno “dawa ya miti” halitenganishi mambo hayo mawili.

Agosti 2019 ZMapp iliondolewa. Kati ya wagonjwa 169 walioipewa, 84 walifariki. Kati ya 174 waliopewa mAb114, 61. Kingamwili hiyo ya mwisho ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.